Afyuni, Wanyama, na Hatia ya Mwanadamu

Walimu wa sharika za pwani yetu, tangu Lindi hata Mikindani na vijiji vya mdomo wa Ruvuma, wametuletea swali moja kwa namna nyingi. Kijana amefungwa na unga. Ameuza mabati ya nyumba ya mama yake, ameuza nyavu za mjomba wake, na alipokwisha kuuza vya jamaa akaanza kuiba vya jirani. Je, yatupasa kumhesabu kuwa mwovu au kuwa mgonjwa? Wako wasemao, "Ni mwovu, maana hakuna aliyemshika mkono akamtia unga puani." Wako wasemao, "Ni mgonjwa, na mgonjwa haulizwi hatia." Twaona ya kuwa wote wawili wamejibu upesi, tena kila mmoja amejibu kwa raha yake mwenyewe: wa kwanza apate kumfukuza, wa pili apate kutomwambia neno.

Sisi twapenda kulizunguka swali hili kidogo, tupitie kwa viumbe ambao hakuna awezaye kuwashitaki. Panya hana amri aliyopewa akaivunja. Tembo hakuacha usharika wake. Kifaranga hakudharau wazazi. Walakini afyuni huwafunga hao wote, na namna inavyowafunga imechunguzwa na wenye elimu kwa muda wa zaidi ya miaka mia. Tukijua katika kifungo hiki ni kipi ambacho mwanadamu hushiriki pamoja na mnyama, labda tutajua pia ni kipi kilicho chake peke yake. Nacho hicho kilicho chake peke yake ndicho kiwezacho kuulizwa hatia.

Kwanza tuutaje mmea wenyewe. Afyuni ni utomvu wa tunda bichi la ua moja zuri sana, ambalo kwa miaka mingi lililimwa zaidi katika nchi ya Afghanistan, na tangu mwaka 2023 nchi ya Myanmar imeipita. Tunda huchanjwa kwa kisu, utomvu mweupe hutoka kama maziwa, hugeuka rangi ya kahawia, kisha hukwanguliwa. Watu wa pwani waliujua zamani kwa jina la kasumba, na neno hilo siku hizi hutumika zaidi kwa mawazo ya kigeni yaliyomlevya mtu akili hata asijijue kuwa amelewa. Lugha yetu haikukosea hapo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja mtengeneza dawa, Friedrich Sertürner, alitenga katika utomvu huo chembe nyeupe zenye nguvu ya kulaza, nazo zikaitwa mofini. Katika majaribio yake ya mwanzo aliyepewa dawa hiyo alikuwa mbwa. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ikaanza kuuza heroini, iliyofanyizwa kwa mofini hiyo, iwe dawa ya kikohozi. Ndiyo hiyo ambayo vijana wetu huiita unga.

Wala haya si mambo ya mbali. Majahazi hutoka pwani ya Makran, kwenye nchi za Iran na Pakistan, hushuka kwa Bahari ya Hindi mpaka pwani zetu na pwani ya Msumbiji, na huko mizigo hupakuliwa katika mashua ndogo usiku. Mwezi wa Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa katika mkoa wa Lindi, jirani zetu kabisa. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikuta kilo 1,032 katika jahazi moja tu, mbele ya pwani ya Afrika Mashariki. Mzigo ulio mwingi hupita kwenda nchi nyingine, lakini gunia la mtama lililotoboka halipiti njiani bila kuku kujua.

Sasa twende kwa wanyama wenyewe.

Mwaka 1911 Mjerumani Walter Straub alieleza jambo ambalo mtu asiyeliona angelicheka. Panya mdogo wa nyumbani akichomwa sindano ya mofini, mkia wake huinuka ukasimama juu ya mgongo, umepindika kama herufi S. Ishara hiyo ni ya hakika hata watu waliitumia kwa kutambua kama dawa fulani ina nguvu ya afyuni au haina. Mbwa apewapo mofini huzubaa na kusinzia. Bali paka na farasi wakipewa nyingi hawalali. Hupandwa na wazimu, farasi hutembea huku na huko asiweze kutulia. Ua ni lile lile, ila miili ni mbalimbali. Yafaa tulikumbuke hilo tusikiapo mtu akisema, "Fulani alionja na hakudhurika."

Lakini aliyetushangaza zaidi ni tembo. Wenye kazi ya kulinda wanyama katika mapori ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mara nyingine hutaka kumvika tembo ukosi wenye chombo cha kujulisha aendako. Tembo hakubali kuvikwa. Basi daktari wa wanyama humpiga kwa mshale wa sindano, na ndani ya mshale mna dawa iitwayo etorfini. Dawa hii hufanyizwa kwa thebaini, nayo thebaini ni kitu kingine kilichomo katika mmea wa afyuni. Ilipatikana Uskoti mwaka 1960 na Kenneth Bentley pamoja na wenzake, na katika miaka iliyofuata daktari Harthoorn, aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa vifaru na wanyama wengine wakubwa. Miligramu kama 15, isiyotosha kufunika ncha ya kijiko, humlaza dume la tani tano. Hatua zake hupungua, masikio huacha kupepea, huyumba, kisha huenda chini kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Kazi ikiisha, daktari humchoma dawa ya pili ya kuivunja nguvu ile ya kwanza. Naye katika dakika chache huinuka akaenda zake. Na dawa hizo za kumwinua, diprenorfini na naltreksoni, nazo hufanyizwa kwa thebaini vilevile. Pingu na ufunguo wake hutoka katika ua moja.

Mtu atauliza, Je, ua la milimani huko Asia limejuaje njia ya kuingia katika ubongo wa tembo wa Afrika? Jibu lilipatikana siku hizi za karibuni tu. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, katika mji wa Baltimore huko Marekani, walionyesha ya kuwa ndani ya ubongo mna mahali maalum panaposhika mofini, kama tundu la kufuli lishikavyo ufunguo wake. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, katika mji wa Aberdeen, wakapata katika ubongo wa nguruwe kitu ambacho mwili hujifanyizia wenyewe, nacho huingia katika tundu lile lile. Basi tundu halikuwekwa kwa ajili ya afyuni. Lilikuwako, na lilikuwa na ufunguo wake halali. Afyuni ni ufunguo wa mwivi uliotokea kufanana nao.

Ufunguo halali ni wa kazi gani? Moja ya kazi zake ni kutuliza maumivu, na hiyo kila mtu aweza kuikisia. Kazi nyingine ndiyo itupasayo kuitazama sana. Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani, alichunguza tangu mwaka 1978 watoto wa mbwa na vifaranga vya kuku waliotengwa na mama zao. Kila afugaye kuku ajua kilio cha kifaranga kilichopotea. Panksepp na wenzake waliona ya kuwa mofini kidogo sana, kiasi kisichoweza kumlaza mnyama, hukinyamazisha kilio hicho. Na dawa ya kuziba lile tundu hukizidisha. Tena kifaranga kikifunikwa kwa viganja viwili vya mtu, kama kilivyo chini ya bawa, hufumba macho upesi kikasinzia. Kikipewa ile dawa ya kuziba, hukawia. Maana yake ni kwamba faraja ya bawa, na faraja ya kuwa pamoja na wenzako, hupita katika mlango ule ule unaoingiliwa na afyuni.

Ndugu wasomaji, hapo tuliposoma tuliweka kitabu chini. Maana tumewasikia vijana waliofungwa wakisema ya kuwa siku ya kwanza walijisikia kama wamefunikwa blanketi lenye joto, nasi tukadhani ni maneno ya mlevi tu. Kumbe hicho ndicho kilichotukia mwilini. Unga huketi katika kiti cha mama, na aketipo hapo yeye, mama mwenyewe akirudi hapati pa kukaa.

Kuhusu arosto twaweza kusema kwa ufupi. Panya aliyezoezwa mofini siku nyingi, kisha akanyimwa, hutikisa mwili wote kama mbwa aliyetoka majini, huhara, hukonda, hukereka aguswapo. Na wale panya wadogo hurukaruka kama wako juu ya bati la jua. Basi mama au mzee wa kanisa asemaye, "Anajifanya huyu apate fedha," na akumbuke ya kuwa panya hajui kujifanya. Maumivu yale ni ya kweli. Kijana aweza kusema uongo juu ya mambo yote mengine, lakini juu ya hayo hasemi uongo.

Huko Kanada, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Bruce Alexander aliona kasoro katika majaribio ya panya. Kwa desturi kila panya aliwekwa peke yake katika kizimba kidogo cha waya, akapewa mofini, na watu wakastaajabu jinsi alivyoitamani. Yeye na wenzake wakajenga mahali pakubwa, kama mara 200 ya kizimba cha desturi, wakatia takataka za mbao, makopo na masanduku ya kujificha, wakaweka humo panya wengi, waume kwa wake, wazaane. Wakawawekea maji matupu na maji yenye mofini na sukari. Matokeo yaliyochapwa tangu mwaka 1978 yalionyesha ya kuwa panya wa vizimba vya upweke walikunywa mofini nyingi kupita wale waliokaa pamoja. Waliojaribu baadaye hawakuona tofauti hiyo kwa nguvu ile ile kila mara, kwa hiyo hatupendi kusema ya kuwa kukaa pamoja kwatosha kuwa dawa. Twajua nyumba zenye watu tele na upendo mwingi ambazo zimepoteza mwana. Lakini onyo lake ni zuri kwa kila ajaribuye wanyama: ukimtesa mnyama ili ujue jambo fulani, angalia usije ukajua habari za mateso tu.

Onyo hilo Mikindani ililiona zamani kuliko Kanada. Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone alishuka katika ghuba yetu, naye alileta ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi, nyumbu na punda. Hakuwaleta kwa mizigo tu. Alitaka kujua kama wataweza kustahimili mbung'o, ambao waliwaua ng'ombe na farasi wa wasafiri. Kama ingewezekana, njia za bara zingefunguka. Wanyama wakaumwa na mbung'o kweli. Lakini wale aliowaweka kuwachunga waliwapiga, wakawalemeza, wakawaacha na vidonda, hata wengi wakafa kando ya Ruvuma. Livingstone mwenyewe akaandika kwa uchungu juu ya ukatili huo, wala hakuweza kusema kwa hakika ni mbung'o au ni fimbo iliyowaua. Jaribio likapotea pamoja na wanyama. Twalitaja kwa sababu yale tuyaelezayo hapa yamelipiwa kwa uchungu wa viumbe wengi, nasi si watu wa kuyasoma kama hadithi ya kupitisha jioni. Mwenye kudhani ya kuwa panya elfu si kitu, na aseme basi ni wanyama wangapi ndio kitu.

Iko habari nyingine, ya Kameruni, nayo yafaa sana kwa swali letu. Mwaka 2013 wenye elimu walitangaza ya kuwa katika mizizi ya mti mmoja wa huko, ambao watu huutumia kwa dawa ya homa na maumivu, wamekuta tramado, yaani dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, ambayo hapo awali ilijulikana kuwa kazi ya viwanda. Ikawa furaha: mti wa Afrika umewatangulia wenye viwanda! Mwaka uliofuata wenzao wengine, wakiongozwa na Souvik Kusari na Michael Spiteller wa Dortmund, wakaenda kaskazini ya Kameruni, wakaikuta tramado katika miti ya namna nyingine pia, na katika udongo na maji. Wakauliza wakulima. Ikajulikana ya kuwa wakulima wenyewe humeza vidonge hivyo wapate kulima katika jua kali, tena huwapa ng'ombe wao, ili wavute jembe mchana wasichoke. Ng'ombe hukojoa shambani, mvua hunyesha, mizizi hunywa. Mwaka 2016 uchunguzi wa kaboni ukathibitisha ya kuwa ile dawa asili yake ni kiwandani.

Tazameni ng'ombe yule. Avuta jembe saa nane mchana, hasikii misuli ikiraruka. Je, hatia ni ya ng'ombe? Hakuna mtoto wa shule ya Jumapili atakayejibu vibaya. Na yule mkulima aliyempa, je? Hapo jibu ni gumu zaidi, maana mkulima amemeza kidonge kile kile, kwa sababu ile ile, naye ana watoto, na jembe la pili hana. Kisha nyuma ya mkulima yuko mwuzaji, na nyuma ya mwuzaji yuko mwenye boti la vidonge. Kadiri tupandavyo katika mstari huo ndivyo macho yalivyo wazi zaidi na njaa ilivyo kidogo zaidi. Sisi twasema bila kuona haya: mwenye jahazi atoaye kilo elfu moja, ambaye hajauonja unga maisha yake yote na akili yake ni timamu kabisa, huyo ana hatia kubwa kuliko mateja wote wa mji mmoja. Walakini katika mahubiri yetu ni nani tumkemeaye? Mara nyingi ni yule alalaye chini ya mnazi, maana hana nguvu ya kutujibu, wala hatoi mchango wa jengo.

Hapa msomaji mwenye akili atatuzuia. Atasema, "Mmemfanya mwanadamu kuwa panya. Mkiisha kusema ya kuwa ni tundu la ubongo, ni kizimba, ni mwuzaji, mmemwondolea hatia yote; na aliyeondolewa hatia yote ameondolewa na heshima yake ya kuwa mtu." Neno hili ni la haki, wala hatutaki kuliruka. Luther mwenyewe mwaka 1525 aliandika kitabu kizima juu ya nia ya mwanadamu kuwa imefungwa, lakini hakufikiri hata mara moja ya kuwa mtu amekuwa gogo au mnyama asiyesemeshwa. Tumjibu msomaji wetu kwa majaribio mawili ya panya na jambo moja la watu.

Mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Inbal Ben-Ami Bartal na wenzake walimfungia panya mmoja katika bomba jembamba lenye mlango ufunguliwao kwa nje, wakamwacha mwenziwe huru karibu yake. Panya huru alihangaika mpaka akajifunza kuufungua mlango, akamtoa mwenziwe. Na kesho akamtoa tena. Hata walipoweka chokoleti mahali pengine, wengi walimfungua mwenzao na kumbakizia chokoleti. Haya twayasoma kwa kustaajabu. Kisha katika chuo kikuu cha jimbo la Arizona, katika kazi iliyotolewa mwaka 2019, panya waliokwisha kujifunza kuwafungua wenzao walizoezwa heroini. Walipopewa nafasi ya kuchagua, waliozoezwa sukari waliendelea kuwafungua wenzao. Waliozoezwa heroini waliifuata heroini, wakamwacha mwenzao bombani.

Basi unga huiba nini? Fedha ni kidogo katika yale uibayo. Huiba uchungu wa mtu kwa ajili ya mwenziwe. Mama aliyemwona mwanawe akipita karibu naye ajua habari hizi bila kusoma jaribio lolote.

Na jambo la watu ni hili. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Sheryl McCurdy walieleza desturi waliyoikuta kwa wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakijichoma heroini. Mwanamke akijichoma, huvuta damu yake katika bomba la sindano na kumpa mwenzake aliye katika arosto na hana fedha, akidhani ya kuwa ndani ya damu hiyo imebaki dawa kidogo ya kumtuliza. Ni desturi ya kutisha, maana damu hiyo huchukua virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini moja kwa moja mshipani, nasi twawasihi wote waikataze popote waisikiapo. Lakini tusiikemee kabla ya kuielewa. Wanawake wale walikuwa wamefungwa na heroini ile ile iliyomfanya panya wa Arizona kumpita mwenzake. Walikuwa maskini, tena wamedharauliwa na watu wote. Nao walitoa damu yao wenyewe kwa ajili ya mwenzao aliyekuwa akiteseka. Fikira yao ilikuwa na kosa la kuua. Huruma yao haikuwa na kosa.

Kwa sababu hiyo hatukubali kusema ya kuwa aliyefungwa hana tena kitu cha kuulizwa. Kiu yake ya unga si hatia yake ya leo, kwa kuwa hata panya anayo. Siku ya kwanza, alipokuwa huru akaonywa akacheka, hiyo ni sehemu yake, nayo ni ndogo kuliko tunavyodhani, maana wengi walikuwa na umri wa miaka kumi na mitano au sita. Bali kile kilichobaki hai ndani yake, kinachomjua mwenziwe, hicho chaweza kusemeshwa. Mzee wa kanisa akimwambia, "Mama yako alilia jana, mabati yale alinunua kwa korosho za miaka mitatu," hamsemeshi panya. Amsemesha mtu, naye mara nyingi hujibu kwa machozi, hata kama jioni atarudi kijiweni. Machozi hayo si uongo kwa sababu ya jioni.

Sasa habari za dawa, kwa kuwa twaulizwa sana. Uko mti mdogo wa misitu ya Gabon uitwao iboga. Wenyeji hutafuna maganda ya mizizi yake. Wawindaji kwa kiasi kidogo wasilale usingizi, na watu wa dini ya Bwiti kwa kiasi kikubwa katika ibada zao. Husimuliwa ya kuwa waliujua kwa kuwatazama nguruwe wa mwitu na nungunungu waliofukua mizizi wakapandwa na wazimu. Mwaka 1991 Stanley Glick na wenzake, katika mji wa Albany huko Marekani, walionyesha ya kuwa panya wenye mazoea ya mofini wakipewa ibogaini ya mti huo hupunguza kuitafuta. Tangu hapo watu wengi wameufuata. Lakini majaribio mengine yalionyesha ya kuwa ikizidi huua sehemu ya ubongo wa panya inayotawala mwendo, na kwa wanadamu imesimamisha moyo na kuwaua baadhi yao. Jamaa za mti huo huota hata katika vichaka vya pwani yetu. Twaomba kwa nguvu zote pasiwe na mwalimu au mganga wa kuchimba mizizi akaijaribu kwa mtoto wa mtu.

Dawa iliyo imara katika nchi yetu ni methadoni. Haitoki katika ua lolote. Ilifanyizwa Ujerumani katika miaka ya 1930. Huingia katika tundu lile lile, lakini huingia polepole na kukaa siku nzima, hata mtu hapandi wala haanguki. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa mwezi wa Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar, na mikoa mingine. Mtu huja kila siku, huinywa mbele ya muuguzi, huenda kazini. Wako washarika wasemao, "Huyo amebadili bwana tu, utumwa ni ule ule." Twawauliza wenye kisukari wachomao sindano kila siku kama wao nao ni watumwa. Anywaye methadoni asubuhi na kushona nyavu mchana, akawalisha watoto wake jioni, na aimbe katika kwaya, na akaribie Meza ya Bwana pamoja nasi. Wala asiulizwe kila Jumapili ataiacha lini, maana wakati wa kuiacha ni shauri lake na daktari.

Neno la mwisho ni la wale wanaompokea aliyerudi nyumbani, akitoka kituoni au gerezani. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake, huko Kanada, waliwapa panya heroini kwa kuiongeza kidogo kidogo, siku zote katika chumba kimoja. Kisha wakawapa wote kiasi kikubwa mara moja. Wale ambao hawakuzoezwa kabla, 96 katika mia walikufa. Waliozoea na kuipata katika chumba chao, 32 katika mia. Waliozoea vilevile, ila wakaipata katika chumba kigeni, 64 katika mia. Mwili hujiweka tayari uonapo mahali ulipozoea, na mahali pageni haujajiweka tayari. Kwa mwanadamu maana yake ni mbili. Mtu akipita tena katika kona ile ile ya kijiwe, mwili wake huanza kudai kabla hajanena neno. Basi aliyerudi Mikindani na asilazwe katika chumba kile kile, wala asitumwe sokoni kwa njia ile ile, ikiwa jamaa zake waweza kumpatia nyingine. Tena aliyeacha hata kwa majuma machache, akirudia kwa kiasi alichokizoea zamani, mwili hauna tena nguvu ya kukistahimili, naye aweza kufa usiku ule ule. Mkimkuta amelala haamki, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa shida au pumzi zake ni za kuhesabika, msimwagie maji, wala msingoje asubuhi. Mlazeni ubavu, mkae naye mkiangalia pumzi, na mwingine akimbie kutafuta gari la kwenda hospitali. Wambieni waganga waziwazi ya kuwa ni heroini, msifiche kwa ajili ya haya, kwa maana iko dawa iitwayo naloksoni, iliyofanyizwa kwa ile thebaini ya ua la afyuni, nayo humrudishia mtu pumzi katika dakika chache.